Vijana hawajasusia vikao, wanaitwa mambo yakishaisha

Mhariri,

Gazeti hili nalisoma tangu kaunti hazijazaliwa, na miaka yote hiyo sijawahi kuwaandikia. Ila ile ripoti yenu ya mwezi uliopita, yenye picha ya viti vya plastiki vitupu na kichwa cha habari kilichowatuhumu vijana kuwa wamesusia vikao vya maoni ya umma kuhusu bajeti ya kaunti, imenikera. Mwandishi wenu alimhoji afisa wa kaunti, akamhoji mwakilishi wadi, akamhoji na mzee wa mtaa. Kijana hakuhojiwa hata mmoja. Tena hakuuliza swali ambalo mtu yeyote anayeijua kalenda ya bajeti angeanza nalo: kikao chenyewe kiliitwa lini?

Kiliitwa Mei. Nitaeleza kwa nini hilo peke yake latosha.

Hapa Kenya, Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 imeipangia kila kaunti tarehe zake. Kufikia 1 Septemba, mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata uwe umefika bunge la kaunti. Humo ndimo mradi unamoingia kwa jina, na usipoingia humo utahangaika nao mwaka mzima. Kufikia 28 Februari, iwasilishwe taarifa ya sera za fedha, ambayo ndiyo inayogawa mafungu: afya hiki, barabara hiki, vijana na michezo kile kilichobaki. Bunge lina siku 14 za kuipitia. Makadirio yenyewe huja kufikia 30 Aprili, na Juni 30 haipiti bajeti haijaidhinishwa. Sasa huyu mwananchi anayeitwa Mei anakuta nini? Kanuni za 2015 za sheria hiyo zinasema bunge la kaunti likirekebisha makadirio, fungu la idara haliongezwi wala halipunguzwi kwa zaidi ya asilimia 1 ya kiwango lilichowekewa. Na ukiongeza hapa, shurti upunguze pale. Tuseme idara ya vijana imetengewa shilingi milioni 80. Asilimia 1 yake ni laki nane. Laki nane haijengi ukumbi, na uwanja wa kata nzima haitoshi hata kuuzungushia ua. Kumwita kijana Mei aje aseme anataka nini ni kumwalika mtu karamuni sufuria zikishaoshwa, halafu kesho yake mnamwandika gazetini kwamba hakuja kula.

Nitoe mfano wa kikao kimoja cha wadi, na wadi yenyewe naiacha bila jina kwa kuwa zinafanana. Kiliitwa Jumanne saa nne asubuhi, saa ambayo mwenye bodaboda yuko steji, mwanafunzi wa chuo yuko darasani na msichana wa saluni ameshashika kichwa cha mtu. Tangazo lilitoka Ijumaa, kwa Kiingereza, likabandikwa kwenye ubao ulio ndani ya ofisi ya msimamizi wa wadi, ofisi ambayo Jumamosi na Jumapili haifunguliwi. Mlangoni palikuwa na karatasi ya mahudhurio yenye safu nne: jina, nambari ya kitambulisho, simu, sahihi. Unatia sahihi kabla hujasikia neno, maana karatasi hiyo hiyo ndiyo inayolipia nauli. Kitabu cha makadirio kilikuwa nakala moja, Kiingereza kitupu, mbele ya mwenyekiti, kimewekewa chupa ya maji juu kisipeperushwe na feni. Msichana mmoja aliomba aone ukurasa wa wadi yake. Akaambiwa kitawekwa kwenye tovuti. Akasema tovuti ameifungua asubuhi na ukurasa wa bajeti unasema unaandaliwa. Kijana mwingine akauliza ule ukumbi wa vijana uliotengewa pesa mwaka uliopita umejengwa wapi, maana kiwanja chake bado wanalisha mbuzi. Mwenyekiti akajibu: swali zuri, limeandikwa. Karani alikuwa amefunga kalamu kitambo! Kumbukumbu za kikao hicho zilipotoka zilikuwa na mistari mitatu: barabara, maji, zahanati, na kwamba wananchi waliiunga mkono bajeti. Ile karatasi ya sahihi ikaambatishwa nyuma kuwa ushahidi. Ushahidi wa nini? Kwamba watu walilipwa nauli.

Halafu mnasema vijana hawasomi sera. Mhariri, Juni 2024 mlikuwa wapi? Vijana hawa hawa waliuchukua Mswada wa Fedha, wakaukata vipande vipande, kifungu kwa kifungu, wakaueleza kwenye simu zao kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani. Kila mwenye simu akajua mkate na gari vitatozwa nini. Tarehe 26 Juni Rais akatangaza hatautia sahihi, na siku moja kabla ya hapo, kwenye maandamano ya kuupinga, wapo walioondoka makwao wasirudi. Watu wa namna hiyo huwaambii kuwa hawana haja na mambo ya umma. Wamekipima kikao cha Jumanne saa nne wakaona hakina uzito, na hesabu yao ni sahihi.

Sheria yenyewe nayo iliwaruka. Kifungu cha 137 cha sheria ile ile ya fedha kinaunda Jukwaa la Bajeti na Uchumi la Kaunti, mwenyekiti wake gavana, wajumbe mawaziri wake wa kaunti, na idadi sawa na hiyo ya wajumbe kutoka nje ya serikali. Wamehesabiwa wataalamu, wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee na mashirika ya dini. Soma tena orodha hiyo. Wazee wamo. Vijana hawamo, na hii ni sheria iliyotungwa miaka miwili tu baada ya Katiba ambayo katika kifungu cha 55 imeitaka dola ihakikishe vijana wanapata nafasi ya kushiriki katika siasa, jamii na uchumi. Kaunti ikimweka kijana kwenye jukwaa hilo, imemweka kwa hisani. Na kuna kaunti zinazomweka "mwakilishi wa vijana" mwenye wajukuu, ilhali Katiba imeshasema kijana ni aliyetimiza miaka 18 na hajafika 35. Viti vya uteuzi katika bunge la kaunti navyo hugawanywa na vyama, na kila mtu anajua chama hukumbuka nani.

Lakini siku ya kazi ya bure, hapo vijana hawasahauliki. Hili nalo linaniudhi, ingawa halikuwa kwenye ripoti yenu. Likija zoezi la kuzoa taka, vijana. Kupanga viti vya mgeni wa heshima, vijana. Kupanda mikoko, vijana, na fulana wamegawiwa, na picha imepigwa. Wanaojua mikoko wanajua kila mti una mstari wake: mlilana ndio unaostahimili ukingo wa bahari, mkoko wenyewe unataka matope ya katikati yanayofikiwa na maji mara kwa mara, mkandaa unakaa juu zaidi. Lakini kwenye hafla hizi hupandwa mkoko mtupu, kwa kuwa mbegu yake ni ndefu, rahisi kuokota na rahisi kuchomeka, na huchomekwa popote palipo wazi ili picha itoke vizuri. Siku nayo huchaguliwa kwa shajara ya mgeni badala ya bamvua, maji yanapokupwa mbali, basi mgeni akichelewa saa mbili maji yameshajaa na watu wanachomeka miche ndani ya maji ya magoti. Ikichomekwa mbele mno, mawimbi huing'oa au mchanga huifukia, na msimu wa pili hakuna kitu. Vijana wa kijiji wanaliona hilo kila mara, maana ndio wanaopita hapo wakienda kuvua. Waulizeni kama kuna siku wameitwa kwenye meza inayoamua ipandwe wapi. Wanaitwa na majembe.

Sasa kwa vijana wenyewe, maana najua nao wanasoma ukurasa huu. Msingoje Mei. Pelekeni jambo lenu Julai na Agosti, mpango wa mwaka unapoandikwa, na mrudi tena Januari kabla mafungu hayajagawanywa. Hapo sheria inaitaka hazina ya kaunti izingatie maoni ya umma. Msiende na orodha ya matakwa kumi. Nendeni na ukurasa mmoja wenye jambo moja: mradi gani, kiwanja namba ngapi, ni ardhi ya umma au ya mtu, makadirio ya gharama mmeyapata wapi, na ni mradi upi mwingine mnaona unaweza kungoja ili pesa ipatikane. Sehemu hiyo ya mwisho watu wengi huiruka, na ndiyo inayoifanya kamati ikusikilize, kwa sababu nayo imefungwa na hesabu ya kuongeza hapa na kupunguza pale. Andikeni nakala mbili. Moja mwachieni karani wa bunge la kaunti, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, mrudi nayo. Barua isiyo na muhuri haijawahi kufika, hata kama ulimkabidhi mtu mkononi. Mkinyimwa kitabu cha makadirio, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Ikikaa kimya, kuna ofisi ya Ombudsman, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Haya yote hayagharimu zaidi ya karatasi na nauli.

Kwa upande wa kaunti, dawa ninayo na ni ndogo. Kikao kihamishwe kutoka ukumbini Jumanne kiende uwanjani Jumamosi saa kumi na moja, mechi ikiisha, kabla watu hawajatawanyika. Tangazo libandikwe siku 14 kabla, steji na kwenye maduka ya M-Pesa. Kila wadi iandaliwe kurasa mbili za Kiswahili: miradi ya mwaka huu na pesa zake, miradi ya mwaka jana na imefikia wapi. Karatasi ya nauli itengane na karatasi ya maoni. Na hiyo ya maoni iwe na safu tatu: aliyosema mwananchi, yamekubaliwa au yamekataliwa, sababu.

Najua nitaambiwa hakuna pesa za kuchapisha. Basi wapunguze vitafunio kwenye ile warsha ya siku tatu hotelini ya kupanga ratiba ya vikao vya wananchi. Wakiacha samosa peke yake watapata karatasi za wadi zote. Na kamati ya bajeti isilipwe posho mpaka ile safu ya sababu iwe imejazwa na kubandikwa hadharani. Ijaribiwe mwaka mmoja tu. Nawahakikishia itajazwa usiku huo huo, kwa taa ya simu ikibidi.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Pwani