Vipande vya nyama ya tumbo vinaharibikia njiani

Kwa Mhariri,

Kazi yangu katika maabara moja hapa Nairobi ni kuandaa vipande vya nyama vinavyotolewa tumboni kwa wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na saratani. Navigandisha ndani ya nta, nakata utando mwembamba sana, wa mikroni 4, naupaka rangi, kisha daktari wa patholojia anausoma.

Kinachoniuma ni hali ya vipande hivyo vinapotufikia. Chupa nyingine huja kwa basi kutoka kaunti za mbali ikiwa na maji ya chumvi badala ya fomalini, dawa inayozuia nyama isioze. Nyingine imekaa kwenye fomalini kupita kiasi, wiki nzima, familia ikichangisha pesa za kipimo. Nyingine ina kipande kimoja tu, kidogo kuliko punje ya mchele.

Zamani tuliweza kuvumilia hayo, kwa kuwa swali lilikuwa moja: ni saratani au ni vidonda? Leo daktari anataka kujua seli zile zinatengeneza protini gani. Jeni moja hutoa protini zaidi ya moja, kwa sababu ujumbe wake, yaani RNA, hukatwa na kuungwa kwa namna tofauti. Ujumbe wa jeni ya CLDN18 ukianza na eksoni (kipande cha jeni) moja hutoa klaudini 18.1 ya mapafu. Ukianza na nyingine hutoa klaudini 18.2 ya tumbo. Mpangilio wa seli ukivurugwa na saratani, hiyo 18.2 hubaki wazi, na dawa ya zolbetuksimabu, iliyoidhinishwa Japani na Marekani mwaka 2024, huinasa hapo. Asiyepimwa hawezi kupewa.

Kuna pia CD44, protini nyingine yenye maumbo mengi. Mwaka 1991 watafiti nchini Ujerumani walichukua umbo la protini hiyo lenye eksoni za ziada, wakalitia katika seli za saratani ya panya ambazo hazikuwa zikisambaa. Zikasambaa. Maumbo ya aina hiyo yameonekana katika saratani ya tumbo la binadamu pia, na nani atayachunguza kwa wagonjwa wetu ikiwa RNA imeshaoza ndani ya chupa?

Nawasihi madaktari wanaoingiza kamera tumboni: toeni vipande 6 hadi 8, vitieni kwenye fomalini papo hapo, mwandike saa juu ya chupa. Vitufikie tuvitoe kwenye fomalini na kuviweka kwenye nta kabla ya saa 72 kupita. Serikali za kaunti zigharamie usafiri huo, maana mgonjwa anayetapika damu hapaswi kutafuta nauli ya chupa.

Na hospitali zisitupe vipande vilivyobaki kwenye nta. Mama mmoja wa Kayole alihitaji kipimo cha HER2, protini nyingine inayolengwa na dawa, nasi tukaambiwa kipande chake kilishatupwa kule alikopimwa kwanza. Hakuwa tena na nguvu za kumeza mpira wa kamera. Nta haihitaji friji. Kabati kavu lenye namba za wagonjwa linatosha kwa miaka mingi.

Mhudumu wa maabara,
Umoja, Nairobi