Isale Si Mshahara: Barua kwa Vijana wa Utalii, Moshi na Arusha

Wanangu,

Barua hii nimeiahirisha wiki tatu nikingoja hasira ipoe. Haijapoa.

Asubuhi moja dereva wa kampuni ya kupandisha wageni mlimani alikuja kwangu Old Moshi kuomba jani la isale, lile ambalo sisi Wachaga tunaombea msamaha. Nikadhani kuna ndugu wamekosana. Nikamkatia kwa mkono wangu, pale mpakani mwa kihamba, shamba letu la ukoo, nikavaa na koti, maana alisema bosi anaomba mzee awepo. Kumbe ni kikao cha wafanyakazi. Mishahara ya miezi miwili haijalipwa. Bosi akasimama mbele yenu, ninyi mmevaa fulana za kijani zilizoandikwa "Familia Moja", akalishika isale kwa mikono miwili: "Ndugu zangu, nimekosa, nisameheni." Mlinzi wa getini, mtu wa rika langu, akalia. Mkapiga makofi, mkaimba wimbo wa kampuni. Mimi nikala nyama, nikarudishwa nyumbani kwa gari.

Mwezi uliofuata, binti wa mapokezi alipouliza fedha zake akajibiwa, "Si mlishasamehe mbele ya mzee?"

Mzee ndiye mimi.

Sasa nisikilizeni. Kwetu isale halikataliwi, na ndiyo sababu haliletwi ovyo. Anayelileta huja na watu wake, hutaja kosa lake, kisha hutoa: mbuzi, mbege yetu ya ndizi, kadiri ya alivyoharibu. Yule bosi alichukua nusu ya mila, ile inayowabana ninyi. Nusu inayombana yeye aliiacha shambani kwangu. Na wakati mnasamehe, siku zilikuwa zinakwenda. Madai ya namna hiyo hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoamua migogoro ya kazi, ndani ya siku 60. Jani moja la isale lilitosha kuzimaliza.

Neno "familia" nalo linafanya kazi hiyohiyo. Ukibaki ofisini mpaka saa tatu usiku, wewe ni familia. Ukiuliza malipo ya saa za ziada, eti familia haihesabiani. Jumapili ya ibada mnaitwa kwenye bonanza, asiyekuja "hana moyo wa timu". Baba yako anaweza kukuchapa, anaweza kukununia mwaka mzima, lakini hawezi kukuandikia barua ya kukupunguza kwa sababu msimu wa wageni umekuwa mbaya. Mwaka 2020 korona ilipokata wageni, wangapi kati yenu waliitwa mezani na familia hiyo? Mpwa wangu alipofiwa na mama yake, kampuni ilikuja msibani na magari mawili na fulana zao, rambirambi ikasomwa kwa kipaza sauti. Mwisho wa mwezi akakatwa siku alizokuwa anazika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa aliyefiwa na mzazi angalau siku 4 zenye malipo. Hizo hakuna aliyezisoma kwenye kipaza sauti.

Sisemi maneno mazuri ni mabaya. Nilikuwa kijana TANU, chama tawala cha wakati ule, ilipotoa waraka wake wa Mwongozo, mwaka 1971, ukiwakataza viongozi kiburi na unyanyasaji. Wafanyakazi waliushika ule waraka wakawasomea mameneja wao, na kuna viwanda watu waligoma kwa ajili yake. Maneno yalikata pande zote mbili. Leo "tunu za kampuni" zinaning'inia ukutani karibu na mashine ya kahawa, na anayesomewa ni mhudumu peke yake. Hapa nasi wazee tuna kosa. Ujamaa, uliotangazwa hapo hapo Arusha mwaka 1967, maana yake ndiyo hiyo hiyo, kuishi kama jamaa. Tuliuacha, lakini neno lake hatukulizika; tajiri akaliokota.

Mengine nayataja tu. Kaa na nakala ya mkataba wako nyumbani, si kwenye droo ya ofisi. Angalia kama michango yako ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inafika. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Zinazozidi hulipwa mara moja na nusu. Kujiunga na chama cha wafanyakazi si usaliti. Ukiachishwa kazi isivyo halali, una siku 30 tu za kufika Tume.

Na ninyi mnaopenda kazi zenu, msione aibu. Mlinzi yule alilia kweli, na machozi yake nayaheshimu. Nimekwenda kwake mara mbili kumwomba radhi. Mara ya kwanza hakufungua mlango.

Juzi dereva amerudi. Safari hii anataka matawi matatu, bosi ana kikao na wapagazi. Nikamwambia akaniletee kwanza orodha ya mishahara, niione imesainiwa na kila mmoja. Amekaa kwenye gari dakika kumi anapiga simu. Panga nimelirudisha ndani.