Giaboksi ya 911 iache hapo ilipo

Salim ndugu yangu,

Assalaam aleikum. Picha za hiyo Kombi T3, basi dogo la Volkswagen lenye injini nyuma, zimefika. Mama ameuliza kama ndiyo nyumba uliyosema umenunua huko Bristol.

Sasa tuje kwa injini. Kuisogeza mbele ya ekseli ya nyuma ni sawa, gari litatulia kwenye kona. Ila giaboksi ya Porsche 911 unayopigiwa debe, usiitolee hata senti. Hiyo imeundwa kwa injini inayokaa nyuma ya ekseli, sawa na ya Kombi yenyewe. Ukiigeuza ili injini ije mbele, magurudumu yatazunguka kinyume: gia zote za kwenda mbele zitakuwa rivasi, na rivasi ndiyo itakayokupeleka mbele. Mafundi huifungua wakahamisha krauni (gia kubwa ya difu) upande wa pili wa pinioni (gia ndogo inayoizungusha), lakini pesa za kazi hiyo unazitupa bure, maana dawa unayo tayari.

Si umeshapata injini ya Subaru? Basi chukua na giaboksi yake. Subaru hutanguliza injini, kisha difu, kisha gia. Seti nzima irudishe nyuma vilevile ilivyo, mzunguko hautabadilika. Difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, ndiyo ya kufungwa kabisa, na mkia wa giaboksi kuzibwa, la sivyo nguvu zote zitakimbilia pale ilipokuwa propela, shafti ya kupeleka nguvu nyuma, na gari lisiende popote. Ukipata giaboksi ya 4.44, yaani pinioni izunguke mara 4.44 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, chukua hiyo, si ya 3.9, maana kitanda, jiko na watoto si mzigo mdogo.

Kitakachokutoa jasho ni mkono wa gia. Giaboksi ya Kombi inamtazama dereva, fimbo inaingia moja kwa moja. Hii ya Subaru gia zake zinaingizwa kutoka mkiani, huko nyuma kabisa, na fimbo ikizungushwa kando ya injini utakuwa unatafuta gia ya tatu kama mtu anayekoroga uji. Weka kebo mbili, moja ya kuchagua na moja ya kuingiza, zipite mbali na eksozi. MR2 ya Toyota, injini yake ikiwa katikati, ilitoka kiwandani na kebo.

Ili injini ikae mbele ya ekseli, sakafu lazima uikate, kwa hiyo shemeji aambiwe mapema.

Kabla hujalipa, nipigie picha ya namba ya giaboksi, ile inayoanza na TY. Nikishaiona nitakwambia kama inafaa.

Nduguyo,
Abdalla