Sahihi yangu haikuombwa

Mhariri,

Kuna msomaji aliandika wiki iliyopita kwamba mwanamume Mkristo akisilimu, ndoa yake ya kanisani inakufa yenyewe. Naomba nafasi nimjibu, kwa sababu yamenikuta.

Mimi ni fundi cherehani hapa Ng'ambo, Tabora. Mwaka 2019 mteja aliniletea vitenge nishone sare za harusi, watu kumi na wawili. Nikamuuliza harusi ya nani. Akanitajia mume wangu, jina lake na la babaye, mtu niliyezaa naye watoto wanne na aliyeniaga kwamba anakwenda Kahama kununua mpunga. Mteja wa watu hakunijua. Sare nilizishona, maana advansi nilishaila.

Nilimfuata shehe aliyewafungisha. Alinipokea vizuri na sina ugomvi naye. Aliambiwa bwana harusi amesilimu na hana mke. Aliyenifumbua macho ni jirani yangu, ustadhi wa madrasa. Alisema hata kwa Uislamu, mume akisilimu na mkewe akabaki Mkristo, ndoa yao haivunjiki, kwa kuwa mke ni Ahlul Kitab, yaani mtu wa Kitabu, kama walivyo Wakristo na Wayahudi. Anachoruhusiwa mume ni kuongeza mke.

Sasa hapo kwenye kuongeza ndipo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inapomzuia. Ndoa yetu ilifungwa kanisani mwaka 1998, ni ya mke mmoja. Cheti alichotuandikia paroko kinatambuliwa na serikali, kwani padri hufungisha ndoa kwa leseni. Ili ndoa hiyo igeuzwe kuwa ya wake wengi, mume na mke waende wote wawili mbele ya hakimu, watamke kwa hiari yao. Na wote wakiwa bado Wakristo, hata hilo haliwezekani. Bila hivyo ndoa ya pili ni batili. Sahihi yangu ilihitajika, na hakuja kuiomba.

Upande wa ukoo nako nilikuta jipya. Baba mdogo alisema ng'ombe sita wa mahari wasiporudishwa, mimi bado mke wa watu. Ng'ombe gani, Mhariri? Wawili walikufa, wanne waliuzwa kaka yangu akasome.

Nikaenda baraza la usuluhishi, maana mahakama haipokei shauri la talaka kabla ya hapo, isipokuwa kwa sababu maalumu. Usuluhishi ukashindikana, talaka nikaipata mahakamani, na fungu langu la nyumba nikapewa. Mume alidai mimi nilikuwa wa jikoni tu. Hakimu akamkumbusha kesi ya Bi Hawa Mohamed ya mwaka 1983: kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa.

Nikadhani yamekwisha. Jumapili iliyofuata katekista akaninong'oneza nisipange foleni ya Komunyo, mimi "mtalikiwa". Nilikaa miezi mitatu bila kupokea, mpaka paroko aliposikia akakasirika. Talaka ya serikali haiondoi sakramenti, alisema, kwa hiyo kanisani mimi bado nina mume, na siwezi kuolewa na mwingine mpaka Mahakama ya Kanisa itamke kwamba ndoa ile ilikuwa batili tangu mwanzo. Lakini mwenye talaka ambaye haishi na mwanamume mwingine hajazuiwa Komunyo. Hilo mbona halisemwi kwenye mafundisho ya ndoa? Tulifundishwa majuma mengi, na somo la bajeti tulirudia mara mbili.

Ombi langu ni kwa wafungishaji ndoa wote: mapadri, wachungaji, mashehe na ofisi ya mkuu wa wilaya. Sheria inataka taarifa itolewe siku 21 kabla ya ndoa, na itangazwe ili mwenye pingamizi ajitokeze. Kanisani tunasikia matangazo Jumapili tatu. Ile ya mume wangu ingebandikwa hata kwenye ubao wa ofisi ya mtaa wetu, ningeisoma. Ubao uko hatua kumi kutoka kwenye cherehani yangu.

Fundi cherehani,
Ng'ambo, Tabora