Kabla ya kumfungia jirani mipaka, tuikumbuke Burundi ya 1996

Ndugu Mhariri,

Tangu waasi wa M23 walipoiteka Goma, mashariki mwa Kongo, mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu wiki chache baadaye, nimewasikia watu wa heshima hapa Mwanza wakitaka nchi za ukanda wetu zimfungie mipaka jirani yeyote anayetajwa kuwasaidia waasi hao. Hasira hiyo naielewa, kwani wanaokimbia makwao ni ndugu zetu, na Kongo ni mwenzetu katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Hata hivyo naomba nafasi katika gazeti lako nikumbushe kwamba ukanda huu umewahi kumfungia jirani mipaka, na kwamba mazungumzo yaliyotangulia hatua hiyo yalifanyika katika mji huu huu.

Aprili na Juni 1996 Mwalimu Nyerere, akiwa msuluhishi wa mgogoro wa Burundi, aliwaketisha hapa Mwanza viongozi wa FRODEBU na UPRONA, vyama vikuu viwili vya nchi hiyo, lakini mapatano hayakupatikana. Tarehe 25 Julai jeshi lilimpindua Rais Sylvestre Ntibantunganya na kumrudisha madarakani Meja Pierre Buyoya. Siku sita baadaye wakuu wa nchi za ukanda walikutana Arusha na kuiwekea Burundi vikwazo vya kiuchumi. Kwa nchi isiyo na bahari, ambayo kahawa yake hutoka na mafuta yake huingia kwa kupitia kwa majirani, hiyo ilikuwa adhabu nzito mno. Masharti ya kuviondoa yalieleweka: Bunge lirudishwe, vyama vya siasa viruhusiwe, na serikali ianze mara moja mazungumzo na pande zote, wakiwemo wenye silaha.

Siwalaumu wakuu wale kwa uamuzi huo, na haki inanitaka niseme kwamba vikwazo vilionyesha matunda mapema, kwa sababu kabla Septemba haijaisha Bunge na vyama vilikuwa vimeruhusiwa tena, ijapokuwa kwa kubanwa. Kasoro, kwa maoni yangu, ilianzia hapo. Masharti yalipoanza kutimizwa, hata kama ni nusu nusu, hapakuwa na utaratibu wa kulegeza vikwazo hatua kwa hatua ili aliyeadhibiwa aone faida ya kuendelea kutii. Vyakula, vifaa vya shule na pembejeo za kilimo vilisubiri mpaka Aprili 1997 ndipo vikaruhusiwa. Katika miezi hiyo petroli iliendelea kuingia Burundi kwa magendo, na waliofaidi ni wenye magari, fedha na marafiki wakubwa, huku mkulima wa kawaida akilipia kila kitu kwa bei ya kuumiza. Serikali ya Buyoya nayo ilipata kisingizio. Agosti 1997 ilikataa kwenda Arusha kwenye mazungumzo, ikidai kwamba Tanzania haiwezi kuadhibu na kusuluhisha kwa wakati mmoja. Dai hilo lilikuwa na hila ndani yake, lakini halikuwa rahisi kulijibu, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi katika habari hii yote. Mazungumzo ya pande zote yalianza Juni 1998, vikwazo vikasitishwa tarehe 23 Januari 1999, na Mkataba wa Arusha ukatiwa saini Agosti 2000 chini ya Mzee Mandela, aliyeipokea kazi hiyo baada ya Mwalimu kufariki. Kwa maneno mengine, Warundi walitia saini zaidi ya mwaka mmoja baada ya mipaka kufunguliwa.

Asidhani mtu kwamba nasema haya kwa kuogopa gharama. Desemba 1965 nchi hii ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia (Zimbabwe ya leo), ambako walowezi wachache walijitangazia uhuru, ikapoteza mkopo iliouhitaji sana, na mpaka leo naona fahari kwa uamuzi ule.

Ila hali ya leo si ya 1996. Burundi na Rwanda ni wanachama wa Jumuiya tangu 2007, na maamuzi ya wakuu wa nchi hupitishwa kwa maafikiano, kwa hiyo anayetakiwa kuadhibiwa anakaa katika meza ile ile, isipokuwa pale panapojadiliwa kusimamishwa au kufukuzwa kwake. Tunao pia umoja wa forodha tangu 2005. Kuufunga mpaka kati ya wanachama ni kuuvunja umoja huo kwa mikono yetu, na watakaoumia kwanza ni akina mama wanaoanika dagaa visiwani na wafanyabiashara wa Mwaloni Kirumba, ambao dagaa na kayabo wao huuzwa Kongo, Rwanda na Burundi.

Ipo njia nyingine, nayo ni kuwabana watu na mali zinazolisha vita. Mwanzoni mwa 2025 Marekani ilimwekea vikwazo James Kabarebe, waziri wa Rwanda, nchi inayotajwa kuwasaidia M23, na Umoja wa Ulaya ukawawekea makamanda kadhaa pamoja na kiwanda cha kusafishia dhahabu cha Gasabo kilichoko Kigali. Rwanda inakanusha kuwasaidia waasi, na mimi si hakimu wa shauri hilo. Ninachojua ni kwamba dhahabu inatuhusu sisi moja kwa moja, maana tunaichimba Geita na tangu 2021 tunayo mitambo ya kuisafisha hapa Mwanza. Huko Lusaka, mwaka 2010, wakuu wa nchi za Maziwa Makuu, Tanzania ikiwemo, walikubaliana kuwa na utaratibu wa vyeti vya asili ya madini, dhahabu ikiwa mojawapo. Tukiusimamia utaratibu huo bila kumwonea haya mtu, tutakuwa tumewabana wenye vita bila kumnyima mtu wa Bukavu dagaa wake, na Serikali yetu itabaki na sifa ya kuweza kuzungumza na pande zote.

Mei 2025 Serikali ilizindua toleo jipya la Sera ya Mambo ya Nje. Naiomba Wizara husika ije Mwaloni, kwenye bandari kavu ya Isaka, na kwenye mipaka ya Kabanga (Burundi) na Rusumo (Rwanda) iwaeleze wafanyabiashara, kwa Kiswahili cha kawaida, ni bidhaa zipi zitaachwa zipite endapo ukanda utafikia uamuzi wa vikwazo, na ni nani atakayeamua lini vilegezwe. Ije kabla ya uamuzi kama huo, wakati maoni yao bado yanaweza kubadilisha jambo.

Msomaji wako,
Kirumba, Mwanza