Boksi la soketi lisishikwe na misumari

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na mafundi umeme wa hapa Tabora, na wenye nyumba wenzangu tunaowalipa.

Nyumba yangu iko Isevya. Marehemu mume wangu aliijenga kwa matofali ya kuchoma, akayaunganisha kwa udongo. Saruji iliishia kwenye msingi na lipu. Nyumba za namna hii ni nyingi kwetu. Tofali ambalo halikuiva vizuri kwenye tanuru ukiligusa na patasi linamwagika kama unga.

Mwezi uliopita mjukuu wangu alichomoa plagi ya pasi, soketi ikaja nayo, boksi na yote, nyaya zikining'inia mbele ya uso wake. Nilikimbilia mein swichi miguu ikitetemeka. Nilipomulika tundu kwa tochi nikaona misumari miwili na karatasi ya mfuko wa saruji iliyosokomezwa, basi. Hivyo ndivyo vilivyoshikilia umeme wa volti 230 kwa miaka sita, na mtoto analala chumba hicho.

Fundi niliyemwita safari hii hakugonga msumari hata mmoja. Alizima umeme, akakwangua mpaka akafikia tofali gumu, akalipanua tundu kwa ndani kuliko mdomoni, akapiga brashi vumbi lote, akamwagia maji mara mbili. Aliniambia, "Mama, tofali kavu linakunywa maji ya saruji kabla haijashika." Akachanganya saruji moja kwa mchanga tatu, akalizamisha boksi humo hadi saruji ikachungulia kwenye matundu ya nyuma, akakaza pembeni kwa vipande vya tofali gumu. Nyaya akazifunga tepu, sakiti ile akaiacha imezimwa. Alirudi siku ya tatu, akafunga kwanza waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja, kwenye boksi, maana ni la chuma, ndipo akaweka soketi.

Sisi ndio tunaowaharakisha: malizia leo, niwashe leo. Tuwape hizo siku mbili. Nanyi mafundi wenye leseni, kabla hamjasaini kazi, shikeni kila boksi mlitikise. Mwenye nyumba naye alitikise kabla hajatoa pesa iliyobaki.

Nimetikisa zangu zote saba zilizosalia. Mbili zinacheza. Nimezifunika kwa kitambaa, hakuna ruhusa kuzigusa, na fundi anakuja Jumamosi.

Bibi wa wajukuu watatu,
Isevya, Tabora