Nani achinje mbuzi wa Krismasi kwa mama?

Kwako Mshauri, na kwenu wasomaji wenzangu. Wakubwa zangu shikamooni, wa rika langu habari za kazi.

Nina shida ya nyumbani na nimeshindwa kuimaliza peke yangu. Tunagombana juu ya nani achinje mbuzi wa Krismasi kwa mama yetu. Najua wapo watakaosema hilo ni jambo la kumalizwa jikoni. Kwetu limefika mahali pabaya: shemeji yangu amenipigia simu akisema mwaka huu tutafute mchinjaji mwingine, na mama anasema afadhali mbuzi asiwepo kabisa. Baba alishatangulia mbele za haki. Mimi ndiye kifungua mimba, na wote wananitazama mimi.

Sisi ni Wagogo wa Mvumi, wilaya ya Chamwino. Ni Waanglikana tangu enzi za bibi, maana huku kwetu injili ililetwa na wamisionari wa CMS, chama cha umisionari cha Waanglikana wa Uingereza, wale waliofika Mpwapwa miaka ya 1870 na baadaye wakaja Mvumi. Mimi naishi Nkuhungu hapa Dodoma mjini, nauza nafaka sokoni Majengo. Mdogo wangu wa kike ameolewa Kondoa, kwa Warangi, na wakati wa kuolewa alisilimu. Mama alilia sana kipindi kile, na wazee wa kanisa walikuja nyumbani zaidi ya mara moja. Kitinda mimba wetu ni wa kiume, fundi seremala, yuko hapa hapa mjini na mke na watoto.

Aliyetuliza yale machozi ya mama ni baba. Krismasi ya kwanza baada ya ile ndoa, dada alikuja na mume wake, na watu wakawa wanajiuliza itakuwaje. Baba akaingia ndani, akatoka na kisu chake, akampa mkwewe mbele ya wazee. Akasema: "Akichinja huyu, tunakula sote. Nikichinja mimi, binti yangu atashinda na njaa nyumbani kwangu." Hakuna aliyemjibu. Tangu siku hiyo shemeji ndiye anayetuchinjia. Anamlaza mbuzi akielekea kaskazini, maana kwa sisi wa Dodoma kibla iko huko, anataja jina la Mungu, anakata, anasubiri damu itoke yote. Watoto wetu wamekua wakimshikia miguu ya mbuzi.

Nieleze pia kwa nini mbuzi huyo ni mkubwa kwetu, kwa wasioijua nchi ya Ugogo. Desemba mvua ndiyo kwanza zimeanza, watu wako shambani wanapanda, na ghala zimeshuka. Kuna nyumba za majirani wa mama ambazo zinalala na ugali wa uwele na mlenda, na nyama wanaiona siku hiyo tu. Wanakuja wengi, Wakristo na wasio na dini yoyote. Kwa hiyo mtu akiniambia "acheni tu nyama", ajue anawanyima na wao.

Mwaka 2000 Ramadhani iliangukia Desemba, na Idd el Fitr ikaja siku chache tu baada ya Krismasi. Shemeji alikuja akiwa amefunga. Alichinja, akachuna, akakata nyama yote kwa mikono yake, jua lile la Mvumi, bila kuonja hata maji. Mama alipoona hivyo akaamuru chakula kisipakuliwe. Tulikaa tukisubiri, watoto wakapewa karanga na ubuyu wa kudanganyia njaa, na jua lilipozama tukala wote pamoja, yeye akianza na tende alizokuja nazo. Kwa jinsi mwaka wa Kiislamu unavyorudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, ifikapo 2031 Ramadhani itakuwa Desemba tena. Nimekuwa nikijiuliza kama mwaka huo tutakuwa bado tunakaa kwenye mkeka mmoja.

Kilichovunja mambo ni Krismasi iliyopita. Mdogo wangu wa kiume ameokoka, yuko kwenye kanisa moja hapa mjini. Alikuja Mvumi na hotpoti lake la kuku aliyemchinja mwenyewe, akakaa na mke wake pembeni chini ya mti. Tulijitahidi kutosema kitu. Lakini watoto hawana pembeni. Mwanawe wa miaka minne alikuja kwenye sinia letu kama alivyozoea, akanyoosha mkono kuchukua pande la nyama, na mama yake akaja mbio akampiga kile kiganja, nyama ikaanguka kwenye mkeka. Mtoto akalia. Shemeji alikuwa amekaa mbele ya sinia lile lile. Hakusema neno. Aliinuka, akanawa mikono, na alikuwa hajala hata tonge mbili. Jioni aliaga kwa adabu yake ile ile, na juzi ndipo akanipigia simu. "Shemeji, mimi nitakuja kumsalimia mama, hilo halina shida. Lakini kisu mpeni mtu mwingine."

Nimeongea na mdogo wangu mara nyingi, na sitaki mumwone ni mtu mbaya. Kabla ya kuokoka alikuwa mlevi wa kupindukia. Hela ya kazi iliishia kilabuni, mkewe alirudi kwao na watoto, mimi mwenyewe nimelipa kodi ya nyumba yao. Wokovu umemrudisha mzima. Leo watoto wanasoma, mke amerudi, ana karakana yake. Nikimwambia imani yake ni upuuzi nitakuwa nauponda mti uliomzuia asizame. Ndiyo maana nimejaribu kuongea naye kwa Maandiko, na kasisi wa parokia ya mama alinisaidia. Alimwonyesha Wakorintho wa Kwanza sura ya 10, pale Paulo anaposema kinachouzwa sokoni kiliwe bila kuulizauliza, na ukialikwa chakulani ule ulichowekewa. Mdogo wangu akamwomba asome mstari unaofuata, wa 28: mtu akikuambia kimetolewa sadaka, usile. Nikamuuliza, mbona nyama ya bucha hapa mjini unakula, na unajua wanaochinja kule ni Waislamu? Akajibu, "Dada, buchani sioni wala sisikii. Kwa mama nashuhudia kwa macho yangu." Jibu lake lina mantiki, nakiri. Ila naona anakosea kwenye neno sadaka. Mbuzi wa shemeji hatolewi kwa mzimu wala sanamu. Anatajiwa Mungu, basi. Na ile Matendo 15:29 anayopenda kuisoma, inayokataza vilivyotolewa kwa sanamu, inakataza pia damu na vilivyonyongwa. Hayo mawili shemeji anayatimiza kuliko wengi wetu tunaonyonga kuku haraka haraka wageni wakitokea.

Upande wa pili yuko mtoto wa dada, kijana mkubwa sasa, amesoma chuo na ameshika sana dini. Tangu mwaka juzi haji Krismasi. Yeye shida yake si chakula. Anasema Kurani yenyewe, Al-Maida aya ya 5, imehalalisha chakula cha watu wa Kitabu. Anachokataa ni kukaa kwenye sherehe ya kuzaliwa Mwana wa Mungu, maana hilo halimo katika imani yake, na kukaa pale kwake ni kama kutoa ushahidi wa jambo asiloliamini. Hata "Krismasi njema" hatamki. Baba yake humwambia, "Mimi naenda kwa mama mkwe wangu, sherehe ni yake," lakini kijana hakubali. Huyu naye si mtu mbaya. Dawa za presha za bibi yake ananunua yeye kila mwezi. Bati za nyumba ya Mvumi ameziezeka yeye. Krismasi iliyopita alitokea kesho yake na kilo za sukari na mchele, akakaa na bibi hadi usiku. Aliniambia, "Mama mkubwa, bibi nampenda. Siku ndiyo inayonishinda." Mdogo wangu wa kiume akaisikia hiyo kauli, na sasa anaitumia: mbona yeye anaachiwa asije kabisa na hakuna anayemlaumu, mimi niliyekuja na kuku wangu ndiye nimekuwa mbaya? Kwa hilo sikuwa na jibu la kumpa.

Watu wengi sokoni wananiambia niwaache, kila mtu ashike lake, mbona mtaani tunaishi vizuri. Ni kweli mtaani tunaishi vizuri. Idd nikiamka nakuta sahani za pilau zimeshafika mlangoni, na Pasaka sahani zile zile zinarudi na maandazi. Jirani yangu wa kibanda cha pili ananifungulia duka siku za ibada na mimi namfungulia Ijumaa mchana. Lakini jirani akikataa sahani yangu, tunabaki majirani, maana kila mmoja ana jiko lake. Ndugu wanakula sinia moja. Ukimtoa ndugu kwenye sinia, anakuwa mgeni wa heshima, na wageni wa heshima hawadumu kuja.

Na ninaogopa kwa sababu tumewahi kuona jambo hili likikua. Mwaka 2013, Buseresere kule Geita, ugomvi wa nani achinje ulifika kwenye mapanga, na mchungaji akauawa. Walikuwa watu waliokuwa wakinunua nyama bucha moja. Sisemi familia yetu itafika huko. Nasema sitaki watoto wa upande huu na upande ule wakue wakiwa hawajawahi kulia chakula kimoja, halafu siku moja wakutane kwenye jambo la mji mzima bila kujuana.

Haya ndiyo tuliyofikiria mpaka sasa. Wajomba wanataka wachinjaji wawili na masufuria mawili. Mama hataki kusikia. Anasema hajazaa nyumba mbili. Mimi nami naona tukianza mafiga mawili mwaka huu, hatutarudi kwenye matatu ya pamoja. Dada anapendekeza tuhamishe mkusanyiko wetu mkubwa hadi Nanenane, Agosti, ambayo haina dini, mavuno yameshaingia na kila mtu ana nafasi. Kijana wake amesema siku hiyo atakuja bila shaka. Wazo hilo nalipenda, lakini lina mambo mawili. Kwanza halijibu suala la kisu, maana hata Agosti mbuzi atachinjwa na mtu. Pili, Krismasi ni siku ya mama. Ana umri mkubwa, miguu imechoka, na Mvumi nzima inajua siku hiyo anapokea watu. Kumwambia mama atuachie siku yake kwa sababu sisi wanawe hatuelewani, mdomo wangu haufunguki.

Mama mwenyewe anasema tule mlenda, na dagaa kwa anayetaka. Mlenda hauna mchinjaji, na wote tumekuzwa nao. Anasema kwa uchungu lakini anamaanisha. Nimeshaeleza kuhusu majirani. Na juu ya hao, ndugu wa baba watasema tumezika desturi yake pamoja naye.

Kwa hiyo nauliza mambo haya. Je, nimtake mdogo wangu akubali shemeji achinje, na yeye ale kuku wake, ila akae mkekani pamoja nasi na watoto wasipigwe mikono? Hilo naona anaweza kulikubali nikimwendea vizuri, lakini sijui kama shemeji ataweza kuliona tena bila kuumia. Au nianze na shemeji, nimwombe arudi kushika kisu kwa ajili ya baba, kabla sijamaliza na mdogo wangu? Dada anasema nisimwendee bila kuwa na neno kutoka upande wa pili, maana atakubali kwa heshima tu. Na huyu kijana, nimwache aje kesho yake kama anavyofanya, au kuna namna ya kumwomba aje siku yenyewe kama mjukuu anayemtembelea bibi yake? Sitaki kumlazimisha mtu kwenye dini yake. Katiba yetu ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru huo, na hata isingempa, mimi nisingethubutu kusimama kati ya mtu na Mungu wake.

Mwanzoni mwa Desemba nakwenda mnadani Msalato kununua mbuzi, na kabla ya hapo lazima niwe nimekwenda Kondoa kwa shemeji. Naomba sana wanijibu watu wa familia mchanganyiko, wa Kondoa, Singida, Tanga, popote walipo, ambao jambo la kuchinja limewahi kuwafika. Na kama kuna mkwe aliyewahi kukaa mahali anapokaa shemeji yangu sasa, aniambie ni kitu gani ndugu wa mke wake walimfanyia au walimwambia hata akakubali kurudi.

Wenu,
Kifungua Mimba,
Nkuhungu, Dodoma